Wa Pili Kati ya Kumi na Tisa

Bremen, 3 Oktoba 1982

Mjomba Habbo,

Salamu kwako na kwa Mkazamjomba Gretje. Sisi huku wazima, ila Imke ana kikohozi kisichotaka kuhama, na mimi miguu inaniuma Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi inapumzika, Jumapili inaanza kuiogopa Jumatatu. Imke katimiza miaka kumi na mitatu na siku hizi ananitazama kama mpangaji aliyechelewa kuhama. Mama nilimtembelea Emden mwezi uliopita. Hajambo, anasema dada na kaka wanaokaa karibu hivyo wasingetakiwa kuonana kwenye mazishi tu.

Ningekupigia simu kama watu wengine, lakini mara ya mwisho nilikuuliza hali ya goti lako ukanijibu, "Ndiyo, viazi vimeshavunwa." Hizo mashine zimekumalizia masikio, Mjomba. Kwa hiyo nakuandikia.

Kuna jambo nililokuficha mwaka mzima. Kile kiwanda cha samaki cha Bremerhaven kilipotupunguza, nilikuwa nimesimama mbele ya mkanda ule miaka kumi na minane, nikipanga minofu kwenye makopo. Ofisi ya kazi ikaniuliza nataka kujifunza nini: kushona, kupika, au kupiga taipu. Pale mezani palikuwa na karatasi nyingine, mafunzo ya ufundi mitambo kwa wanawake waliopoteza kazi, na yule mama wa ofisini alikuwa ameweka kikombe chake juu yake. Nikamwambia, "Hiyo hapo." Akasema, "Hiyo ni ya vyuma, bibie." Nikamwambia najua kusoma.

Basi mimi ni mwanagenzi, Mjomba, kwa umri wa miaka thelathini na mitano. Tuko kwenye karakana ya mafunzo ya kiwanda cha pampu, vijana wa kiume kumi na mmoja na mimi, mwanamke pekee aliyeichukua karatasi ile. Mwezi Juni nafanya mtihani wa mwisho. Nilikuficha kwa sababu unazozijua. Mwaka sitini na tatu nilishindwa mtihani wa karakana yako, na sikutaka usikie nikishindwa mara ya pili.

Lakini sasa nimekwama, na hapa hakuna ninayeweza kumuuliza bila kuchekwa. Nikipiga tupa uso wa chuma, katikati panabaki juu na kingo zinashuka, kama mgongo wa nguruwe. Fundi mkuu wetu, Bwana Lübben, anaupitishia rula, anautazama kwenye mwanga, ananirudishia bila neno. Mara ya nne sasa. Nifanyeje?

Wako,
Theda


Jemgum, 17 Oktoba 1982

Mpwa wangu Theda,

Barua yako imefika, tumeisoma. Sisi hatujambo. Goti ni lilelile. Mvua haijakatika wiki mbili na mtaro nyuma ya nyumba umejaa. Gretje anachemsha matufaha na nyumba nzima inanata.

Habari ya tupa. Unabembea, ndiyo maana. Mwanzoni mwa msukumo mkono wa mbele unakandamiza, mwishoni unakandamiza wa nyuma, na tupa inapanda na kushuka kama mtumbwi. Sogeza miguu, wa kushoto mbele. Jiliwa linalobana chuma liwe usawa wa kiwiko chako. Wewe ni mfupi kuliko hao vijana, na meza zimetengenezwa kwa ajili yao, kwa hiyo tafuta ubao usimamie. Wakicheka, waache. Piga kwa mshazari huku, kisha kwa mshazari kule, mistari ikatane. Hapo utaona mwenyewe wapi chuma kinaliwa na wapi hakiliwi. Na usiitazame tupa. Tazama chuma.

Paka chaki kwenye meno ya tupa isishike vumbi la chuma.

Hayo ndiyo ninayoyajua.

Mjomba wako,
Habbo

Theda mpenzi, huyu mzee wako kaisoma barua mara tatu halafu akaenda kukaa kwenye banda la baiskeli, bila baiskeli. Mimi nimefurahi mpaka matufaha yameungua. Usiache! Mkazamjomba wako, Gretje.


Bremen, 28 Novemba 1982

Mjomba na Mkazamjomba Gretje,

Natumaini mko wazima na mtaro umepungua. Kikohozi cha Imke kimekwisha, sasa kimekuja kiburi. Hesabu zimemshinda shuleni, kaleta alama mbaya, na ukimuuliza anafunga mlango.

Ubao nimeupata. Ni mlango wa kabati la zamani. Siku ya kwanza niliposimama juu yake, Sönke, kijana wa miaka kumi na saba mwenye masharubu ya kuhesabika, akapaza sauti: "Jamani, Bibi Samaki kapanda jukwaani! Leo umetuletea minofu?"

"Nimeleta kisu," nikamwambia. "Njoo uone kama kinakata."

Wakacheka, lakini safari hii walimcheka yeye. Baada ya siku tisa Bwana Lübben alipitisha rula yake, akautazama mwanga, mwanga haukupita. Akasema, "Hm." Sönke ananiambia ile "Hm" wengine wanaisubiri miaka mitatu.

Sasa tuko kwenye mashine za kukereza. Nazipenda. Napenda chuma kinavyotoka utepe mmoja mrefu, wa rangi ya buluu, unanuka moto. Ila nimechoka, Mjomba. Asubuhi kabla ya kazi nasafisha ofisi za bima, halafu karakana, halafu Imke na masomo yake, halafu daftari langu la wiki ambamo lazima nieleze kila nilichofanya kwa mkono na kwa mchoro. Juzi nililala nimekaa, kalamu mkononi, nikachora mstari mrefu mpaka kwenye kitambaa cha meza.

Umenijibu kila kitu isipokuwa kimoja. Hukuniambia kama umefurahi. Au ndiyo uliyokwenda kuyafikiria bandani?

Theda


Jemgum, 19 Desemba 1982

Theda,

Heri ya Krismasi kwako na Imke.

Kuhusu mashine ya kukereza: buluu ni nzuri ikiwa kisu ni kigumu. Ikiwa ni kisu cha kawaida, buluu maana yake unakwenda mbio mno na unakiua. Utepe unatakiwa uwe na rangi ya njano, ya majani makavu. Ukitaka kujua kama chuma kinatetemeka, weka kiganja kwenye mwili wa mashine, mbali na kinachozunguka. Mimi miaka kumi ya mwisho nilifanya kazi kwa kiganja tu, kwa sababu sikuwa nasikia tena.

Huku si kubaya. Gretje amelala, anakusalimu.

Habbo


Bremen, 30 Januari 1983

Mjomba,

Samahani kwa kuchelewa. Mwaka mpya umeanza polepole kwetu. Nilikuwa nyumbani wiki tatu kwa mafua. Imke alipika, maana yake tulikula tambi siku ishirini na moja. Mama anakusalimu. Alikuja hapa siku nne, akapiga pasi kila kitu hadi vitambaa vya vumbi.

Mkazamjomba Gretje hakuandika chochote chini ya barua yako. Hata kadi ya Krismasi umeandika wewe, na jina lake umeliandika wewe pia. Mwandiko wenu haufanani. Kuna nini?

Sina swali la kazi safari hii.

Theda


Jemgum, 13 Februari 1983

Theda,

Hakuna mafua ya wiki tatu. Lakini kwa kuwa umeuliza wewe kwanza, nitajibu mimi kwanza.

Gretje alipata kiharusi tarehe nne Desemba, jikoni, ameshika birika. Alikuwa hospitalini Leer wiki tano. Upande wa kulia haufanyi kazi, mkono na mguu. Sasa yuko nyumbani kwa sababu nilisema hatabaki kule. Asubuhi namwosha, namvalisha, namhamisha kutoka kitandani hadi kitini, mchana kutoka kitini hadi kitandani. Muuguzi anakuja mara mbili kwa wiki na ananisahihisha namna ya kumnyanyua. Nimenyanyua vyuma miaka arobaini na minne, na sijui kumnyanyua mke wangu. Ananiegemea, mimi nashikilia goti langu, tunasimama hapo wawili kama korongo wabovu.

Sikukwambia kwa sababu una mtihani.

Kuongea, anaongea maneno matatu. Anasema "hapana," anasema "chai," na anasema jina lako. Sijui kwa nini jina lako.

Sasa sema yako.

Habbo


Bremen, 27 Februari 1983

Mjomba wangu,

Nimelia juu ya barua yako, halafu nikaona haya, maana anayestahili kulia hana nafasi ya kulia. Mpe Mkazamjomba busu langu, upande unaohisi. Mama nimemwambia. Akasema atafuma blanketi. Unamjua dadako.

Yangu ni haya. Tarehe saba Januari nilikuwa kwenye mashine ya kukereza. Nilikaza kipande kwenye taya za mashine, na ule ufunguo wa kukazia nikauacha umechomekwa palepale. Nikawasha. Ufunguo ukaruka, ukanipiga chini ya jicho. Ungepanda kidogo tu, ningekuwa na jicho moja. Mfupa wa shavu ulipasuka, wakanishona nyuzi tisa.

Hakuna aliyenisukuma, hakuna aliyenifanyia hila. Niliuacha mwenyewe. Ni kitu cha kwanza wanachokufundisha: ufunguo hautoki mkononi mwako ila uwe umerudi mahali pake. Mtoto wa miaka kumi na sita anajua. Bwana Lübben alikaa nami kwenye gari la wagonjwa akiwa ameshika leso yake kwenye uso wangu, hakunigombeza hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Sönke kaniletea ua kwenye chungu. Anasema, "Mama Theda, rudi, hatuna wa kumtania." Wameacha kuniita Bibi Samaki. Wananionea huruma.

Nimerudi kazini, lakini kila nikisogelea mashine nautazama ufunguo mara tatu, kisha nashindwa kuwasha. Hawakunipa kazi wiki hii, nimefagia. Na nimekuwa nikifikiri, Mjomba. Nafikiri ule mtihani wa mwaka sitini na tatu ulisema kweli. Mlitupatia vile vipande vya kupiga tupa, na yale maswali ya maumbo, na mkaona. Alama hazikutosha. Sikuelewa wakati ule, nilidhani nimefanya vizuri, nilirudi nyumbani nikiimba. Ndivyo alivyo mtu asiyefaa, hata hajui kuwa hafai. Nyinyi mlijua kwa siku moja, mimi imenichukua miaka ishirini na nusu ya uso.

Mwisho wa Machi ndiyo siku ya mwisho ya kujitoa bila kudaiwa maelezo. Kuna kazi kwenye duka la mikate. Nataka mtu aniambie niache. Sitaki kufarijiwa. Wewe si mtu wa kufariji, ndiyo maana nakuuliza wewe. Uliziona alama zangu. Niambie.

Theda


Jemgum, 6 Machi 1983

Theda,

Ulikuwa wa pili kati ya watu kumi na tisa.

Naiweka hapo juu ili hata ukiacha kusoma, hiyo umeisoma.

Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu wa Weener. Wewe wa pili. Kipande chako cha tupa kilikuwa bora kuliko chake, yeye alikushinda kwenye maswali. Nafasi zilikuwa mbili. Mwenye karakana, ambaye sasa ni marehemu, aliniita ofisini, vipande viko mezani na karatasi pembeni. Akasema, "Habbo, huyu wa pili ni mpwa wako. Msichana, sawa, lakini mkono wake mzuri. Wewe ndiye utakayekuwa naye. Unasemaje?"

Sasa nitakwambia kilichotokea kabla ya hapo, kwa sababu ndicho chote, hakuna kingine kilichojificha nyuma yake. Mchana tulikuwa tunakula. Habari ilikuwa imeshavuja. Okko, yule wa kulehemu, unamkumbuka, aligonga kijiko mezani akasema, "Habbo, tukishampata mpwa wako, nani atatufundisha kufuma soksi?" Mwingine akasema, "Habbo atatushonea aproni zenye maua." Meza nzima ilicheka. Wanaume ishirini na sita. Nilicheka nao.

Halafu nikaitwa ofisini. Nikasema, "Ameghairi. Anataka kwenda Bremerhaven." Mwenye karakana akasema, "Hasara," akachukua karatasi ya wa tatu. Huyo wa tatu aliacha baada ya mwaka mmoja akaenda kuuza magari.

Jioni nikampitia mama yako, nikamwambia alama hazikutosha. Wewe ulikuwa mlangoni. Ulinishukuru kwa kujaribu.

Niliogopa kuchekwa wakati wa chakula. Ndiyo hiyo. Nimetafuta sababu kubwa zaidi miaka yote hii na sijaipata.

Gretje nilimwambia siku ileile. Alisema, "Kamwambie." Tangu hapo amesema kila Krismasi, na kila ulipokuja na mikono yako imepasuka kwa maji ya chumvi alinitazama tu. Nilikwambia sijui kwa nini anasema jina lako. Nilikudanganya. Anasema "Theda," halafu ananinyooshea kidole cha mkono mzima.

Kuhusu ule ufunguo: mimi niliuacha mwaka arobaini na tisa, ukavunja dirisha. Okko aliuacha. Kila mtu aliyewahi kusimama kwenye mashine ile aliuacha siku moja aliyokuwa amechoka. Wewe ulikuwa unafagia ofisi tangu alfajiri. Hiyo ni habari ya uchovu, haina uhusiano na kufaa au kutofaa. Aliyesema hufai ni mimi, na niliposema nilikuwa nimeshika kipande chako mkononi na najua si kweli.

Ukiacha, uache kwa sababu zako. Usiache kwa sababu ya alama. Alama zilikuwepo.

Sijui kumaliza barua hii.

Habbo


Jemgum, 10 Aprili 1983

Theda,

Hujajibu, sikutegemea ujibu. Pasaka imepita. Gretje anakaa saa mbili kitini sasa. Blanketi la mama yako limefika, ni la kijani, kubwa kama tanga.

Nilimsomea Gretje nakala ya barua niliyokuandikia. Alilala mchana wote bila kuamka, mara ya kwanza tangu Desemba. Jina lako halisemi tena. Amebaki na "hapana" na "chai."

Sijui kama umejitoa au bado umo. Sina haki ya kuuliza.

Habbo


Bremen, 8 Mei 1983

Mjomba,

Mama hajambo, Imke hajambo. Mwambie Mkazamjomba nampenda.

Sikuandika kwa sababu kila nilipoanza niliishia kwenye matusi, na karatasi nzuri ni za kuhesabu. Nimechana saba. Hii ya nane naandika nikiwa nimechoka mno kutukana.

Barua yako ya Machi ilifika Jumanne. Jumatano nilikwenda kazini nikasimama kwenye ubao wangu, nikafunga kipande kwenye jiliwa, nikapiga tupa tangu asubuhi mpaka kengele ya kutoka. Sikula. Bwana Lübben alikuja, akapitisha rula, pembe zote nne. Akaniuliza, "Nani kakuudhi?"

"Mjomba wangu."

"Mwambie asikuombe radhi mapema," akasema. "Huu uso umenyooka kama kioo."

Kesho yake nilikwenda kwenye mashine ya kukereza, nikakaza kipande, nikatoa ufunguo, nikautundika. Nikautazama mara tatu pale ulipotundikwa. Kisha nikawasha. Sikujitoa. Usidhani ni kwa ajili yako.

Nataka ujue umechukua nini, kwa sababu nadhani unafikiri ulichukua kazi tu. Nilipotoka mlangoni jioni ile, Mama alinifuta uso na aproni akasema, "Usijali, sisi si watu wa mitihani." Aliyasema kwa upendo. Nikayaamini. Sikufanya mtihani wa udereva kwa sababu hiyo. Sikuomba kuwa msimamizi wa mkanda, mara mbili waliponiambia niombe. Na Novemba iliyopita, Imke alipoleta zile alama za hesabu, nilimfuta uso nikamwambia: usijali mwanangu, sisi si watu wa mitihani. Maneno yaleyale, Mjomba. Niliyatoa kinywani mwangu nikampa mtoto.

Imke nimeshamwambia ukweli. Aliniuliza, "Kwa hiyo kosa si letu?" Nikamwambia si letu. Akafungua mlango wa chumba chake akaenda kuchukua daftari. Sisemi zaidi ya hapo, hesabu bado zinamtoa jasho.

Lakini Mama hajui. Ana miaka sabini, na bado anadhani alizaa mtoto asiyefaulu, na kwamba kasoro hiyo ilitoka kwake. Mimi sitamwambia. Nenda Emden, umwambie wewe. Kwa mdomo wako, uso kwa uso. Usimwandikie barua, kuandika unajua mno.

Mtihani wangu unaanza tarehe kumi na tatu Juni. Nataka uwe umeshakwenda kabla ya hapo.

Theda


Jemgum, 24 Mei 1983

Theda,

Nimekwenda.

Alhamisi muuguzi alikubali kukaa na Gretje hadi saa kumi. Nilipanda basi la asubuhi. Mama yako, Antje, alikuwa amekaa uani anamenya rubabu, yale mashina machachu ya kupika na sukari, bakuli mapajani. Alishangaa, akadhani Gretje amekufa, akaniinukia na kisu mkononi. Nikamwambia Gretje yu hai, kaa. Nikakaa na mimi. Akanimiminia chai, na kabla sijaikoroga nikasema yote, kama nilivyokuandikia, Okko na kijiko na ofisi na mlangoni kwake. Sijui nilisema kwa sauti gani, mimi siisikii sauti yangu. Jirani alifungua dirisha halafu akalifunga, kwa hiyo nadhani nilipiga kelele.

Alipoongea sikusikia. Nilimwona midomo inakwenda. Nikamwambia, "Antje, sisikii, andika." Akafuta mikono, akaingia ndani, akatoka na bahasha ya bili ya umeme na penseli. Akaandika: Kwa nini?

Nikasema niliogopa kuchekwa.

Akaandika: Na ulichekwa?

Nikasema hapana. Baada ya hapo hakuna aliyenicheka tena.

Chai ikawa baridi, ya kwangu na ya kwake. Machozi yalikuwa yanamtoka bila uso wake kubadilika, kama mama yetu alivyokuwa akilia. Kisha aliandika mstari mmoja, akanisukumia bahasha. Ninayo hapa. Imeandikwa: Ondoka sasa, Habbo. Jumapili mlete Gretje.

Nikaondoka. Nilikaa kituoni saa mbili na nusu.

Jumapili jirani alitupakia kwenye gari lake. Antje hakunisalimia. Alimlisha Gretje rubabu kwa kijiko, akamwimbia kitu sikioni, Gretje akacheka kwa nusu ya mdomo. Tulipokuwa tunaondoka mama yako alinipa chombo cha rubabu iliyobaki. Nimekirudisha kwa posta, nimekiosha.

Nakutakia mkono mtulivu tarehe kumi na tatu. Hilo nimewahi kukutakia moyoni hata mwaka ule, ukiwa umeinama juu ya kipande chako. Si kwamba linasaidia.

Habbo


Bremen, 26 Juni 1983

Mjomba,

Sisi wazima. Imke kapata alama ya wastani kwenye hesabu na anatembea kama waziri.

Nimefaulu. Kwa vitendo, vizuri sana. Kwa nadharia, inatosha. Walitupatia saa kumi na nne tutengeneze kibanio kidogo chenye kitelezi, vipande vyote viingiane kwa mkono, bila nyundo. Changu kiliteleza. Sönke naye kafaulu. Kilichomponyoka ni masharubu, kayanyoa kwa wasiwasi. Bwana Lübben alinipa mkono akasema kuanzia Agosti kuna meza yangu kwenye chumba cha kuunganisha pampu, na kwamba wataishusha, nisitembee tena na mlango wa kabati. Mama alikuja na keki kwenye treni. Alimwambia kila mtu karakanani, mmoja mmoja, kuwa mwaka sitini na tatu nilikuwa wa pili kati ya kumi na tisa. Hakuna aliyeelewa anazungumzia nini. Wote walimpongeza.

Nilidhani nitafurahi zaidi. Nilirudi nyumbani nikalala saa kumi na tano.

Sijakusamehe, Mjomba. Nimelitafuta hilo jambo ndani yangu na sijalikuta, na sina nguvu ya kujilazimisha. Labda litakuja, labda halitakuja. Nisikudanganye, tumeshadanganyana vya kutosha.

Tarehe tisa Julai naanza likizo, nakuja Jemgum wiki mbili. Ninakuja kwa ajili ya Gretje. Nitamwosha mimi na kumlisha mimi, na wewe utalala, kwa sababu mama yangu anasema umebaki mfupa na kofia. Na kabla sijaja nataka nitengeneze chuma cha kushikia pembeni mwa kitanda chake, apate kujivuta kwa mkono mzima akitaka kusimama, asikuangukie. Bwana Lübben kanipa bomba na ruhusa ya kutumia mashine Jumamosi.

Kwa hiyo fanya hivi. Akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, mkono wa kushoto umekunjwa, pima kutoka sakafuni hadi kiwiko chake. Pima pia unene wa ubao wa kitanda, sehemu tatu, maana mbao za zamani hazilingani. Niandikie kwa milimita, kwenye kadi, itafika upesi kuliko barua.

Usikisie.

Theda